Kaiyaba wa Elgon View

"Mjomba, mbona wamemng'oa kaiyaba?"

Hilo ni swali zuri, mpwa wangu. Zuri sana. Watu wazima hupita pale kila siku, wengine kwa gari, wengine kwa bodaboda, na hawaulizi. Wewe umeuliza. Kaa hapa karibu nami. Waite na wenzako.

Nitakujibu, ila jibu lenyewe ni refu kidogo. Na anayelijua vizuri ni kaiyaba mwenyewe, maana alisimama pale miaka mingi akitazama.

"Mjomba, ua unaweza kusema?"

Katika hadithi unaweza. Paukwa!

"Pakawa!"

Basi tujue kwanza tuko wapi. Ukitoka katikati ya Eldoret, ukauvuka mto Sosiani kuelekea kusini, unafika Elgon View. Ni mtaa wa miti mikubwa na mageti makubwa. Asubuhi, kama mvua imenyesha usiku na ukungu umeondoka, simama mahali pa juu utazame upande wa kaskazini magharibi. Kule mbali utauona Mlima Elgon. Uko mpakani mwa Kenya na Uganda, na kilele chake kina urefu wa mita 4,321. Zamani ulikuwa ukitoa moto. Leo umezimika, na ubavuni mwake mna mapango ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao.

"Ndovu, mjomba? Wanachimba chumvi?"

Ndiyo, ndovu! Lakini hao tuwawekee siku yao. Leo ni zamu ya kaiyaba. Tumsikilize.

*

"Mimi ni kaiyaba," ua ulianza. "Nina miiba mirefu na matunda ya manjano. Matunda yangu ni machachu. Watoto huyala, wakakunja uso, kisha wakala tena. Jamaa zangu wa kwanza waliota Afrika Kusini, kando ya mto Kei. Walowezi walipochukua mashamba Kenya walitaka ua ambao ng'ombe hatapenya na mwizi hataruka. Wakatupanda sisi. Wakatupanda kila mahali.

"Mwaka 1908 kundi kubwa la Makaburu lilipanda meli kutoka Afrika Kusini. Kiongozi wao aliitwa Jansen van Rensburg. Walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru. Kutoka Nakuru hapakuwa na reli ya kuja huku. Wakawafunga maksai kwenye magari, wakapanda mlima, wakapita msituni, wakazama kwenye matope, wakajikwamua. Mwishowe wakafika kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Nyasi tupu hadi upeo wa macho."

"Kumbe hapakuwa na watu?"

Ngoja hapo, kaiyaba. Swali hili nataka nilijibu mimi.

Watu walikuwapo, mpwa wangu. Zamani za kale walikuwapo Wasirikwa, na mashimo yao ya ng'ombe bado yanaonekana kwenye nyanda hizi. Wakaja Wamaasai wa Uasin Gishu, na eneo likabaki na jina lao. Wanandi nao walilisha mifugo yao hapa. Waingereza walipokuja, Wanandi walipigana nao kwa miaka kama kumi. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905, alipokwenda kukutana na maofisa wa Kiingereza ili wazungumzie amani. Baada ya hapo Wanandi wakasukumwa kwenye eneo walilotengewa, na serikali ya kikoloni ikaanza kugawa ardhi kwa walowezi. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema ardhi hii ilikuwa tupu, jua kwamba ilikuwa imefanywa tupu. Nalisema hili wazi kwa sababu hadithi ya mtaa wowote huanza na mtu aliyeondolewa, na mara nyingi msimulizi humruka.

Haya, kaiyaba, endelea.

"Mashamba yalipewa nambari. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa kwenye Shamba Namba 64, karibu na mto Sosiani. Basi watu wakapaita Sisibo. Hata leo wazee wakienda mjini husema wanakwenda Sisibo. Mwaka 1912 gavana akapapa jina la Eldoret. Mwaka huo huo benki ikaja. Wazee husimulia kwamba kasha la chuma la kuwekea pesa lilishushwa kwenye gari la maksai likaanguka chini. Lilikuwa zito mno. Hakuna aliyeweza kulisogeza. Basi wakajenga benki kulizunguka kasha pale pale lilipoangukia!

"Mji ulikuwa unakua. Nami nikaona."

*

"Mjomba, hao walowezi waliuziwa ardhi?"

Wengi walikodishiwa na serikali ya kikoloni. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa miaka 99. Walowezi wakanung'unika, wakasema ni michache. Sheria ya mwaka 1915 ikawapa miaka 999.

"Mia tisa tisini na tisa! Nani ataishi miaka hiyo yote?"

Hakuna, mpwa wangu. Ungekodi shamba mwaka 1915, muda wako ungeisha mwaka 2914. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya 2010 ikasema kwamba mtu asiye raia hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Umeuliza vizuri. Kuna watu waliosoma sana ambao hawakuwahi kustaajabu namna hiyo.

"Mji ukapangwa," kaiyaba akaendelea. "Ukapangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa kwenye viwanja vipana, penye hewa nzuri. Wahindi walikaa karibu na maduka yao. Mwafrika alikaa kwenye eneo alilotengewa, na ili atembee mjini alibeba kipande chake shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Reli ikafika mwaka 1924. Ngano ikasafirishwa, mahindi yakasafirishwa, walowezi wakatajirika.

"Nami nikapandwa kuzunguka kiwanja cha eka mbili. Katikati ilikuwa nyumba moja yenye veranda. Mbele, majani na maua. Nyuma kabisa, mbali na veranda, vyumba vitatu vidogo vya mawe. Humo ndimo walimolala mpishi, yaya na mtunza bustani. Walikuwa watu watatu waliojua kila kitu cha nyumba ile, na kwenye picha za familia hawakuwamo.

"Mimi niliwaona. Niliwaona kila asubuhi."

Tafadhali, wapwa zangu, kumbukeni vile vyumba vitatu vya nyuma. Tutavirudia.

*

"Mwaka 1963 bendera ilibadilika," kaiyaba akasema. "Mlowezi wangu akauza vitu vyake, akaondoka. Akaja mwenye nyumba wa pili. Huyu alikuwa Mkenya, ofisa wa serikali. Alifungua madirisha yote. Watoto wake wakanipasua tundu upande wa chini, wakawa wanapita humo kwenda kucheza na watoto wa jirani. Ile miiba yangu haikuwazuia! Mlowezi alikuwa akiliziba tundu likionekana tu. Ofisa akaliacha.

"Kisha akaja mwenye nyumba wa tatu, daktari. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa, na mji ukajaa wasomi. Ile hospitali iliyoanza mwaka 1917 kama nyumba ndogo ya wagonjwa ikapanuka, hadi ikawa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Madaktari wakatafuta pa kukaa. Wahadhiri wakatafuta pa kukaa. Wakauvuka mto, wakaja Elgon View.

"Mji ulikuwa unakua. Nami nikaona.

"Halafu nikaanza kusikia viatu. Alfajiri, kabla ya jogoo wa pili. Tap, tap, tap, tap. Nikajiuliza, hawa wanakimbia nini? Nani anawafukuza?"

Hakuna aliyekuwa anawafukuza! Acheni niwaeleze, maana hapa ndipo penye utamu.

Zamani mbio zilikuwa hazilipi. Kipchoge Keino alishinda mita 1500 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Akashinda tena mwaka 1972 huko Munich, safari hii kwenye mbio za kuruka viunzi na maji. Akaleta medali, heshima na furaha. Pesa zilikuwa chache, kwa sababu kanuni za wakati ule hazikutaka mwanariadha alipwe. Lakini kanuni zikabadilika. Mwaka 1986 mbio za marathoni za Boston, Marekani, zilianza kutoa zawadi ya pesa. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1988, Ibrahim Hussein kutoka Nandi akazishinda. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston.

Baada yake mlango ukafunguka. Tegla Loroupe, binti wa Pokot, alishinda marathoni ya New York mwaka 1994. Hakuna mwanamke wa Kiafrika aliyewahi kuishinda kabla yake. Moses Kiptanui alikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Zürich mwaka 1995, akawa binadamu wa kwanza kumaliza chini ya dakika nane. Moses Tanui alishinda Boston mwaka 1996, mwaka ambao mbio hizo zilifanyika kwa mara ya mia moja, kisha akazishinda tena mwaka 1998.

"Na pesa walizipeleka wapi, mjomba?"

Walizirudisha nyumbani! Hilo ndilo linalonifurahisha. Mkimbiaji hukimbia miaka michache, miguu ikachoka. Anajua hivyo. Kwa hiyo hutafuta kitu kisichochoka. Wengine walinunua ng'ombe wa maziwa, wengine mashamba ya ngano, wengine wakajenga mjini. Tembea katikati ya Eldoret utaiona Komora, jengo la Kiptanui. Uliza kuhusu majengo mengine, mara nyingi utaambiwa hili ni la mwanariadha fulani, na lile la fulani. Mji mzima umejengwa kwa miguu. Na mwanariadha aliyetaka nyumba ya kuishi, yenye utulivu, karibu na mji, aliangalia ng'ambo ya mto.

Aliangalia Elgon View.

Uwanja wa ndege wa kimataifa ukafunguliwa mwaka 1997. Wafanyabiashara wakaja. Watoto wa Eldoret wanaofanya kazi Marekani, Uingereza na nchi za Ghuba wakawa wanatuma pesa nyumbani, wakisema, nitafutieni kiwanja Elgon View. Wengi wakakitaka kitu kimoja.

*

"Mjomba, ardhi ni ile ile. Kwa nini bei inapanda?"

Ah! Hilo ni swali la chuo kikuu, na wewe bado uko shule ya msingi. Ngoja nikueleze kwa ugali.

Mama amesonga ugali mmoja. Mko watatu, mnakaa mezani, kila mmoja anakata kipande kikubwa, kwa maziwa ya mursik na sukumawiki. Mmeshiba. Mara mgeni anabisha hodi. Mwingine anabisha. Wanakuja wanane. Unga umekwisha ghalani, hauwezi kusonga mwingine. Kitatokea nini?

"Tutakata vipande vidogo!"

Kabisa. Na kama ungekuwa mnada badala ya meza ya mama, kipande kidogo kingeuzwa bei kubwa kuliko kile kikubwa cha jana. Ardhi ya Elgon View ni huo ugali. Haisongwi mara ya pili.

Sasa tukate pamoja. Chukua kalamu. Eka moja ina futi za mraba 43,560. Ploti ya kawaida ya mjini ni hamsini kwa mia, yaani futi 50 upande mmoja na futi 100 upande wa pili. Zidisha.

"Elfu tano!"

Safi. Kwa hiyo eka moja inatoa ploti nane, ambazo ni futi za mraba 40,000. Zinabaki 3,560, nazo ni za njia ya kupita. Anakuja mpima ardhi, anapanda bikoni kwenye kila pembe, na mahali palipokuwa na veranda moja panakuwa na hati miliki nane.

Lakini hatujamaliza. Tuseme kwenye kila ploti panajengwa jengo la ghorofa nne, na kila ghorofa ina nyumba mbili. Jengo moja litakuwa na familia nane. Majengo manane je?

"Nane mara nane... sitini na nne! Mjomba, ni Sisibo!"

Sisibo! Umeona? Familia sitini na nne kwenye eka moja. Kaiyaba alizunguka eka mbili zenye familia moja. Hesabu hiyo ndiyo iliyomng'oa. Daktari alizeeka, akafariki. Watoto wake wako mbali, na kila mmoja ana haki ya sehemu yake. Hakuna anayeweza kuwalipa wenzake ili abaki na nyumba yote. Wakauza. Aliyenunua alilipa pesa nyingi, na pesa nyingi hazirudi kwa maua na veranda. Zinarudi kwa kodi ya nyumba. Ndipo likaja tingatinga.

"Lilianza na miti," kaiyaba akasema. "Likaja kwenye veranda. Kisha likaja kwangu. Ndege waliokuwa wamejenga kwenye miiba yangu wakaruka. Mahali pangu pakawekwa ukuta wa mawe, na juu yake nyaya za umeme."

*

"Nani alihama, mjomba?"

Hapo ndipo nilipokuwa nakungoja.

Mambo haya ya watu kuhama bei ikipanda hayakuanzia Eldoret. Mwaka 1964 mama mmoja msomi, Ruth Glass, aliandika kuhusu London. Aliona mitaa ya wafanyakazi ikinunuliwa nyumba moja baada ya nyingine na watu wenye uwezo, hadi wafanyakazi wa zamani wakaisha mtaani. Australia nako vivyo hivyo. Mnaijua Sydney? Ndiko Noah Ngeny wetu alikomshinda El Guerrouj wa Morocco kwenye mita 1500, Olimpiki ya mwaka 2000. Katika jiji lile kuna mtaa unaoitwa Redfern. Ulikuwa mtaa wa watu wa karakana za reli, wenye nyumba ndogo zilizobanana. Wenyeji wa asili wa Australia, walionyang'anywa ardhi yao kama Wanandi walivyonyang'anywa yao, walikuja Redfern kutafuta kazi. Mwaka 1973 shirika lao, Aboriginal Housing Company, likaanza kuzinunua nyumba za sehemu moja ya mtaa ili watu wao wapate pa kukaa. Lakini Redfern iko karibu sana na katikati ya Sydney. Bei zikapanda. Familia nyingi zikaondoka. Moja ya karakana za reli leo ni jumba la sanaa, na watu huenda huko kutazama ngoma na michoro.

Kule tajiri aliingia kwenye mtaa wa maskini. Elgon View ni tofauti. Elgon View haikuwa mtaa wa maskini hata siku moja. Mlowezi alimwachia ofisa, ofisa akamwachia daktari, daktari akamwachia mwekezaji. Wote wana uwezo. Kwa hiyo wapo wanaosema hapa hakuna aliyehamishwa. Mimi nakataa.

Mnavikumbuka vile vyumba vitatu vya nyuma?

"Vya mpishi, yaya na mtunza bustani!"

Ndivyo. Maskini waliishi Elgon View miaka yote hiyo, ila waliishi nyuma ya nyumba. Nyumba kubwa ilibadilisha mwenyewe mara mbili, na vyumba vya nyuma vilibaki na watu. Mtoto wa mtunza bustani alizaliwa humo, akasoma shule ya karibu, akala matunda ya kaiyaba, akapita kwenye lile tundu. Ulikuwa mtaa wake. Lakini ardhi ikikatwa hamsini kwa mia, hakuna nyuma tena. Ukuta unagusana na ukuta. Vyumba vitatu vikabomolewa asubuhi moja, na wakazi wake hawakuwa na hati miliki, wala hawakuulizwa.

Wakaenda Langas. Langas haiko mbali, lakini ni ulimwengu mwingine. Watu ni wengi na vyumba vimebanana. Wengine wakaenda mbali zaidi, kokote ambako kodi ni nafuu. Kazi haikuhama nao. Wale walio kwenye ghorofa mpya wanahitaji mlinzi, wanahitaji mtu wa kufua, wanahitaji mtu wa kulea mtoto. Kwa hiyo kila alfajiri utawaona wanakuja kwa miguu, kando ya barabara, magari yakiwapita karibu na bega. Jioni wanarudi hivyo hivyo. Na mama mboga aliyekuwa na kibanda chake chini ya mti ameambiwa asogee, kwa sababu pale panatakiwa kuwa mlango wa gari.

Mimi hilo linaniuma. Mtu anayelinda usiku kucha anastahili kulala karibu na kazi yake. Mtu anayetembea anastahili njia ya miguu.

*

"Basi tuwazuie kujenga, mjomba!"

Polepole, mpwa wangu. Moyo wako ni mwema, lakini tufikiri pamoja.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Eldoret ina watu 475,716. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto alikuja hapa akatoa hati, na Eldoret ikawa jiji la tano la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sheria inataka jiji liwe na watu wasiopungua 250,000. Sisi tumepita hapo zamani. Watu hawa wote walale wapi?

Tukikataa ghorofa Elgon View, nyumba zitatambaa nje na kuyala mashamba. Zimeshaanza. Ukienda upande wowote wa jiji utaona bikoni katikati ya mahindi. Na Uasin Gishu ni mojawapo ya kaunti zinazolisha nchi. Nyumba za juu kwa juu, karibu na kazi, karibu na hospitali, zinaokoa shamba. Kwa hiyo mimi ghorofa sizichukii. Familia sitini na nne kwenye eka moja ni familia sitini na nne ambazo hazikuchimba msingi wa nyumba kwenye shamba la ngano.

Ninachokitaka ni kwamba wanaokata wasikate kila kitu. Mvua, kwa mfano. Mvua iliponyesha kwenye eka mbili za kaiyaba, ardhi iliinywa. Leo inaangukia paa, saruji na mawe ya uani. Haina pa kuzama. Inateremka kwa kishindo hadi Sosiani, ikibeba mafuta ya magari na mifuko ya taka. Sosiani huyapeleka maji hayo Kipkaren, Kipkaren huyapeleka Nzoia, na Nzoia humwaga Ziwa Victoria. Taka ya Elgon View inaweza kufika kwenye nyavu za mvuvi wa Budalang'i ambaye hajawahi kuiona Elgon View. Ndiyo sababu kingo za mto zinatakiwa ziachwe bila kujengwa, na ndiyo sababu kila mti mkubwa uliobaki mtaani unafanya kazi usiyoiona.

Na njia ya miguu. Na mahali halali pa mama mboga. Na nyumba za kodi nafuu ndani ya mtaa wenyewe, ili mlinzi na yaya wasifukuzwe hadi mwisho wa jiji. Nani kasema kati ya familia sitini na nne haziwezi kuwamo nane za watu wa kipato cha chini? Hilo linawezekana. Linahitaji mtu alidai kabla ya ramani kupigwa muhuri.

"Nani atalidai?"

Ninyi. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakaaji haki ya kukutana, kuuliza na kujibiwa kuhusu mipango ya jiji lao. Siku kaunti ikitangaza kikao kuhusu Elgon View, waambieni wazazi wenu waende. Nendeni nao. Kaeni mbele. Ramani ikifunguliwa ukutani, inueni mkono muulize: njia ya miguu iko wapi? Mto umeachiwa nafasi gani? Mama mboga atauzia wapi? Wale waliokuwa wakiishi nyuma ya nyumba mmewawekea nini? Msiketi kabla hamjajibiwa.